Bamia za Droo ya Pili

Mtaani walimwita Mzee Masjala, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho, limelala humo bila kusumbuliwa na mtu. Miaka thelathini na minne alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja kubwa, kwenye chumba cha chini chenye matundu mawili ya hewa karibu na dari, na kwa kiapo chake mwenyewe halikupotea faili hata moja mikononi mwake. Barua iliingia, ikapigwa muhuri, ikapewa namba, ikafungwa kwenye faili, faili likarudi kabatini, kabati likatiwa kufuli. Kwake hiyo ndiyo iliyokuwa heshima. Karatasi iliyolala ovyo mezani ilimuuma roho kama mtoto aliyesahauliwa nje kwenye mvua.

Alipostaafu, ofisi ilikuwa inatoa samani zake kuukuu, naye akaomba kabati la chuma, la kijivu, la droo nne. Wanaume wanne walilibeba wakihema mpaka sebuleni. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Jeneza nimeliona," alisema. "Maiti yuko wapi?"

Wanaume walicheka. Mzee Masjala hakucheka. Alilifuta vumbi, akalitia mafuta kwenye reli, na kufikia jioni vyeti vya ndoa, hati ya nyumba, dawa, betri na hata mkasi wa jikoni vilikuwa vimepata mahali pao rasmi. Mkewe akawa anaomba mkasi wake kwa mdomo, na anaurudisha siku hiyo hiyo.

Basi mafundi wa intaneti walipokuja kuwafungia waifai, wakatundika kile kisanduku cha ruta ukutani, kinapepesa taa zake za kijani mbele ya kila mgeni, mzee alivumilia siku mbili tu. Siku ya tatu alikishusha. Alitoboa tundu nyuma ya kabati, akapitisha nyaya, akakilaza kisanduku katika droo ya pili nyuma ya mafaili, akafunga, na ufunguo akauvaa shingoni kwa kamba.

"Kitu kinachopokea barua za watu kinakaa masjala," alisema, na kwa upande wake mambo yalikuwa yamekwisha.

Lakini chuma ni chuma. Droo ikifungwa, simu yake haikupata kitu. Ikivutwa shubiri moja, na mtu akakaa kwenye kiti kifupi pale pale ubavuni, ujumbe ulianza kudondoka mmoja mmoja. Kwa mzee hiyo haikuwa kasoro hata kidogo. Kazini pia barua hazikuwa zinaingia saa yoyote zinayotaka. Kila siku saa kumi na moja jioni alivuta droo, taa za kijani zikaonekana mle gizani katikati ya mafaili, na yeye akamsomea mkewe kilichoingia.

Mkewe watu walimwita Mwalimu. Maisha yake yote ya kazi alifundisha darasa la kwanza, na nusu ya watu wazima wa mtaa ule walijifunza kuandika kwa kufuata herufi zake ubaoni. Sasa macho yalikuwa yamefifia katikati. Pembeni aliona, ila kila alichokikazia macho kiliingiwa na wingu. "Nikikutazama usoni," alimwambia mumewe, "naona masikio tu, na tena si mazuri." Simu hakuisoma kabisa. Kwa hiyo habari zote za binti yao, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa muuguzi katika nchi ya mbali, zilimfikia kupitia droo ya pili na kinywa cha Mzee Masjala.

Na kinywa hicho, miezi minne iliyopita, kilikuwa kimefanya jambo.

Jioni ile binti aliandika: *Baba, mimi na mwenzangu tumeachana. Hakuna ugomvi, tumeshindwana tu, ameshahama. Mwambie Mama polepole. Mimi siwezi, nitalia.* Mzee aliusoma ujumbe mara tatu. Wiki ile ile daktari alikuwa amesema presha ya Mwalimu imepanda na asipewe habari za kushtua. Na Mwalimu alimpenda mkwe wake kupita kiasi, alimpenda kwa sababu zisizo na kichwa wala miguu, kama vile kwamba alikula akamaliza sahani.

"Anasemaje?" aliuliza Mwalimu. Alikuwa amepakata sinia, anakata bamia za chakula cha jioni.

"Wote wazima. Mkwe anakusalimu."

"Basi?" Mwalimu hakuwahi kuridhika na wote wazima. "Hana habari nyingine?"

Mzee alitazama sinia. "Amepanda bamia," alisema.

Mtu ambaye hajawahi kudanganya hajui pa kusimama, na huyu alikuwa amenakili maneno ya wengine maisha yake yote bila kuongeza nukta. Keshoye Mwalimu akauliza, "Bamia zimeota?" Akalazimika kusema zimeota. Zimepandwa wapi? Kwenye ndoo za rangi, kibarazani, ghorofa ya tatu. Upepo je? Upepo ulivunja mbili, mkwe amezitegemeza kwa vijiti. Jirani wa chini amelalamika kwamba maji yanamdondokea, mkwe amemwahidi bamia za kwanza, jirani amenyamaza. Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu, na daktari alipompima tena akasema presha imeshuka, chochote mnachofanya endeleeni nacho.

Naye akaendelea, na ukweli usemwe, alianza kunogewa. Mchana, jua linapoingia sebuleni na kulala juu ya sakafu, alisinzia nusu kitini na kuziona bamia zile. Ziliota polepole, majani mapana yenye vinyweleo, kisha maua ya manjano hafifu yenye kitovu chekundu kilichokolea. Alimwona mkwe amekunja mikono ya shati, anamwagilia kwa kopo. Alimsikia binti yake nyuma ya dirisha akiimba wimbo usio na maneno. Upepo wa kule ulikuwa baridi, akausikia shingoni. Katika kibaraza kile hakuna aliyemwacha mtu. Aliposhtuka jua lilikuwa limeshahamia kwenye mguu wa meza, na yeye alikuwa na habari mpya ya kusoma jioni.

Simu za sauti hazikumwaga mtama. Mwalimu akisikia tu sauti ya mwanawe, machozi humtoka. Humsalimu, humwombea dua, hulia kidogo, humrudishia mzee simu. Binti kule aliposikia mama analia alidhani ameshaambiwa, na kwamba anaililia ndoa yake. Kila mmoja akamhurumia mwenzake, na Mzee Masjala amekaa katikati na ufunguo shingoni.

Ndipo lilipofika boksi. Mfanyakazi mwenza wa binti aliyekuwa anarudi nyumbani alilileta: printa nyeupe, isiyohitaji waya wa kompyuta. Ujumbe ukafuata kwenye droo. *Baba, iunganishe na waifai ya nyumbani. Nikiandika huku, karatasi itatoka huko. Nitamwandikia Mama herufi kubwa kama alizokuwa anatuandikia ubaoni, asome mwenyewe. Barua ya kwanza nitaituma Jumamosi saa nne asubuhi.*

Huu aliusoma wote kwa sauti, maana boksi lilikuwa pale na haliwezi kuitwa bamia. Mwalimu aliweka mkono juu ya boksi.

"Nisome mwenyewe?" alisema. "Mimi?"

"Ndivyo anavyosema."

"Bila kukusumbua?"

"Hunisumbui," alisema mzee, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Alikisoma kijitabu cha maelekezo kama waraka wa serikali, toka ukurasa wa kwanza. Alibandua zile tepu za buluu moja moja, akazihifadhi kwenye bahasha. Alitia wino, akapanga karatasi, akaipeleka mashine chumbani kwenye meza ya Mwalimu, chini ya dirisha, kwa sababu Mwalimu alitaka iwe hapo. Taa ndogo ya buluu ikaanza kuwaka na kuzimika. Kwenye simu iliandikwa kwamba printa inatafuta mtandao. Dakika tano baadaye ikaandikwa kwamba haijauona.

Mzee alijua sababu. Alijua kama anavyojua njia ya kwenda kwake mwenyewe. Lakini alisimama pale mikono nyuma, akamwambia mkewe, "Inatafuta."

"Inatafuta nini?"

"Mtandao."

"Si uko hapo sebuleni?"

"Mambo ya kisasa haya, Mwalimu. Yanataka subira."

Siku tatu taa iliwaka na kuzimika. Mwalimu aliiona pembeni mwa jicho, mahali ambapo bado palimwachia kitu, na mchana alijilaza akiitazama kwa ubavu. Ukutani iliacha doa la buluu lililokuja na kwenda, na chumba kizima kilionekana kinapumua. Wakati mwingine aliisemesha. "Tafuta tu, mama, utapata," aliiambia. Mzee alimsikia akiwa sebuleni na akajitia hamnazo, lakini moyoni alipiga hesabu. Jumamosi karatasi itatoka, Mwalimu atajua kwamba ndoa imekufa miezi minne, presha itapanda, na bamia zitakauka zote kwa siku moja. Isipotoka, basi. Mashine mbovu ni mashine mbovu, hakuna wa kulaumiwa.

Jumamosi asubuhi Mwalimu, bila kumwomba mtu ruhusa, alimwita fundi. Alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, mwenye duka la steshenari pale kona, aliyejifunza herufi kwa Mwalimu huyo huyo. Alimsalimia mzee shikamoo, akainama kwenye printa, akatazama simu yake, akazunguka nayo chumba kizima kama mtu anayetafuta upepo.

"Humu hamna waifai hata chembe," alisema. "Ruta mmeiweka wapi?"

"Iko masjala," alisema Mwalimu.

Fundi alipelekwa sebuleni, akaonyeshwa. Aligonga kabati kwa kidole, likalia ngo. Akamtazama mzee, akatazama nyaya zinazoingia tunduni, akashika kiuno.

"Mzee wangu, hii umeifunga au umeizika?"

"Naikinga na vumbi," alisema mzee.

"Vumbi! Chuma chote hiki, waifai itapitaje? Itoe, tuiweke juu ya kabati, ikae hapo hapo siku zote. Printa inataka kuiona muda wote, siyo kwa miadi. Ufunguo uko wapi?"

Ufunguo ulikuwa kifuani, chini ya shati, una joto la mwili wake. Neno lilikuwa limeshafika ulimini: umepotea. Nani angembishia? Labda watu wote, maana mtu huyu hajawahi kupoteza hata pini. Lakini wangesema ni uzee, na uzee ni jalada linalopokea kila kitu. Aliona kibaraza cha ghorofa ya tatu, ndoo za rangi zimepangwa, ua moja limefunguka asubuhi hiyo. Alitamani kukaa pale hata dakika kumi zaidi.

Kisha akatazama kupitia mlango wa chumbani. Mwalimu alikuwa ameshakaa mezani. Amevaa gauni lake la kijani la kwendea kwa watu, amechana nywele, amefuta kioo cha kukuzia maandishi, na mikono yake miwili ameilaza mezani kiganja chini, kama alivyowafundisha watoto wakae wakisubiri kugawiwa madaftari.

"Saa nne inakaribia, mzee," alisema bila kugeuka.

Mzee Masjala alipiga moyo konde. Akachomoa kamba shingoni, akafungua.

Kisanduku kilitoka kina joto, kimejifunika vumbi lile lile aliloliogopa. Fundi alikiweka juu ya kabati, akarudi chumbani, akabonyeza hapa na pale, jina la mtandao likatokea papo hapo. Akaomba neno la siri. Mzee akamsomea kwa kichwa, tarakimu kumi: namba ya faili lake la ajira. Taa ya buluu ikapepesa haraka haraka, ikatulia. Haikuzimika tena.

"Imeshika," alisema fundi.

Saa nne na dakika mbili mashine ilivuta pumzi. Ilikoroma, ikavuta karatasi, na karatasi ikaanza kutoka kidogo kidogo, hakuna aliyeigusa, maneno yaliyoandikwa na mkono usiokuwepo yakija juu ya meza kutoka hewani. Mwalimu aliishika ingali na joto. Herufi zilikuwa kubwa kiasi kwamba karatasi ilibeba maneno machache tu, na mzee, aliyebaki mlangoni, alizisoma kutoka pale pale bila kutaka.

MAMA YANGU MPENZI, HUU NI MWANDIKO WAKO.

Mwalimu alisogeza kichwa pembeni, akaliwinda kila neno kwa ukingo wa jicho, midomo ikimcheza. Alitabasamu. Karatasi ya pili ikatoka.

TANGU BABA AKUAMBIE KUWA TUMEACHANA, NASIKIA UNALIA KWENYE SIMU.

Ya tatu: USINILILIE. SASA NALALA VIZURI. NAMSHUKURU BABA KWA KUKWAMBIA.

Mwalimu aliirudia ya pili. Aliisoma tena toka mwanzo, kidole kikipita chini ya kila neno. Kisha akanyamaza, na Mzee Masjala aliutambua ukimya ule, maana ulikuwa wake. Ndivyo alivyonyamaza yeye jioni ya kwanza, kabla kinywa hakijafunguka.

Fundi alikuwa anafunga mkoba wake. "Habari njema, Mwalimu?"

"Njema, mwanangu," alisema Mwalimu, na sauti yake ilikuwa sawa kabisa. "Wote wazima. Mkwe wangu anatusalimu. Na bamia zimezaa."

"Mungu mkubwa!" alisema fundi, akaaga, akaenda zake.

Mzee alishika fremu ya mlango. Duniani hakukuwa na bamia zile ila kwake yeye, na Mwalimu alikuwa amezichuma zote na kumwekea mbele yake.

"Kaa," alisema Mwalimu.

Akakaa kitandani.

"Mkwe wetu alikaa hapa wiki mbili, hata kikombe chake cha chai hakukiondoa, tulikikuta chini ya kiti. Nikajiuliza, huyu amejifunza lini kumwagilia? Lakini nilizipenda. Nikasema mapenzi hubadilisha watu."

"Niliogopa presha yako."

"Najua uliogopa." Alinyoosha karatasi kwa kiganja. "Sikiliza, mume wangu. Mwanangu alikuwa ameachwa peke yake miezi minne, na mimi mama yake sikumwambia hata pole. Nilikuwa nauliza bamia."

Mzee alilia, waziwazi, kama mtoto wa darasa la kwanza, na Mwalimu alimwacha alie kwa sababu alistahili.

Halafu akasema, "Chukua simu. Andika nitakavyosema. Usiongeze, usipunguze."

Mzee alisimama ili akae kwenye kile kiti kifupi cha sebuleni, akakumbuka kwamba hakuna haja tena. Akaandika pale pale.

"Mwanangu, pole," alisema Mwalimu. "Nimejua leo."

Kidole kilisimama. Neno moja tu lingetosha. Nimejua zamani. Binti asingeumia, na baba angebaki baba anayeshukuriwa. Mwalimu alisubiri, ameinamisha kichwa, anasikiliza simu kama alivyosikiliza kalamu za watoto.

Akaandika: leo.

"Baba yako aliniogopea, akawa ananisomea habari za bamia za mumeo. Kwenye simu nilikuwa nalia kwa kukukumbuka. Sasa nakulilia kweli, na nakupenda. Nisomee."

Alimsomea. Yalikuwa maneno yake yote, kwa mpangilio wake. Akatuma.

Juu ya kabati sebuleni taa za kijani zilikuwa zinapepesa mbele ya ulimwengu mzima, na droo ya pili ilikuwa wazi, tupu nyuma ya mafaili. Jua la saa tano lilifika kwenye ukingo wa meza. Mwalimu alimshika mumewe mkono, si kwa upole sana. Kisha mashine ikavuta pumzi tena, ikakoroma, ikatoa karatasi moja. Maneno yalikuwa matatu, makubwa kuliko yote ya kwanza, na Mwalimu hakuhitaji hata kioo.

BAMIA GANI, MAMA?

Alianza kucheka kabla machozi hayajakauka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akampa mumewe karatasi.

"Haya, Masjala," alisema. "Umeulizwa. Mjibu mwanao."

Mzee alijifuta uso kwa kiganja, akasogea karibu na dirisha, akashika simu kwa mikono miwili. Alifikiri sana, kisha akaandika kwamba zilipandwa kwenye ndoo za rangi, kibarazani, na kwamba mbili zilivunjwa na upepo.